Riwaya imekamilika, maneno 62,000: nimpe mchapishaji, nichape mwenyewe, au niuze kwa vipande WhatsApp?

mswada_kabatini (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu.

Mswada upo, rasimu ya tatu, maneno 62,000, sura 31. Hadithi inaanzia Tanga 2004 na kuishia Dar 2022. Haujawekwa popote mtandaoni, hata kipande. Pesa iliyopo ni milioni 2.7, haiongezeki.

Njia zilizopo ni tatu. Kuna mchapishaji aliyeukubali na kutuma rasimu ya mkataba: "mrabaha 10% ya mapato" (yaani mgao wa mtunzi kwenye mauzo), miaka haikutajwa, na kifungu kimoja kinasema mtunzi anakabidhi "haki zote, kwa lugha zote na kwa njia zote". Njia ya pili ni kuchapa mwenyewe. Mpiga chapa ametaja 5,500 kwa nakala, nakala 300, saizi A5. Ya tatu ni kuuza vipande kwenye kundi la WhatsApp.

Naomba majibu ya wanaojua hesabu na kazi yenyewe. Kitabu cha maneno 62,000 kinatoa kurasa ngapi? Hiyo 5,500 ni bei ya haki? Na mkataba huo una tatizo wapi?

---

prufu_ya_pili

Mkuu, umeruka hatua. Umesema rasimu ya tatu, hujasema nani ameihariri. Kabla ya mpiga chapa wala mkataba, pitia haya.

Kwanza herufi h. Miswada mingi inaangukia hapo, na si kosa dogo kwa sababu h ndiyo inayobeba ukanushi. "Anajua" na "hajui" ziko salama, lakini mtu akizoea kuandika "ajui" na "hanaenda", siku moja ataandika "hakaingia" akimaanisha "akaingia", na msomaji atadhani mhusika amebaki nje. Tafuta kwenye faili kila neno linaloanza na "haka" na "hana", ulisome moja moja. Halafu tafuta "ili" na "hili". "Alikimbia hili asikamatwe" imejaa kwenye vitabu vilivyokwisha kuchapwa.

Pili, "alikua" na "alikuwa". Usithubutu kubofya "badilisha zote". "Alikua Pongwe kwa bibi yake" ni sahihi kabisa kama maana ni kwamba alilelewa akakomaa huko. Ukibadilisha zote unaharibu zile zilizokuwa nzima. Pitia moja baada ya nyingine. Kwa maneno 62,000 ni kazi ya saa mbili hivi.

Tatu, ambalo kwa riwaya yako ni kubwa kuliko yote: kalenda. Hadithi inakwenda miaka 18. Chora jedwali, mstari kwa kila sura: mwaka, mwezi, umri wa kila mhusika mkuu, mvua au jua, Ramadhani iko wapi. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. 2004 ilianza katikati ya Oktoba. 2022 ilianza mwanzoni mwa Aprili. Ukiandika futari ya 2004 chini ya mvua za masika, msomaji wa Tanga atajua unakisia.

Na vitu vya mtaani pia vina tarehe. Mhusika hawezi kutuma pesa kwa M-Pesa Tanzania kabla ya 2008. Airtel kama jina haipo kabla ya 2010. Ilikuwa Celtel, ikawa Zain, ndipo ikawa Airtel. Sarafu ya shilingi 500 ilitoka 2014, kabla ya hapo ni noti. Mabasi ya mikoani yalihama Ubungo kwenda Mbezi 2021, kwa hiyo mtu wa sura yako ya mwisho akishuka stendi ya Ubungo 2022, umeshaumbuka. Treni ya SGR usiiguse kabisa, imeanza kubeba abiria 2024.

Mhariri makini hupita kurasa 6 hadi 10 kwa saa kwenye mswada ulio katika hali ya kawaida. Anayekuahidi kitabu kizima kwa siku mbili atakupitishia kikagua tahajia tu. Mwombe akuharirie kurasa 10 kwanza, tena umpe zile za katikati. Sura ya kwanza kila mtunzi ameisugua mara ishirini. Uchafu uko kuanzia sura ya 12.

---

gundi_na_uzi

Nijibu la kurasa na bei.

Maneno yetu ni marefu. "Hawakumwambia" ni neno moja kwetu, wengine wanatumia maneno manne. Ndiyo maana ukichukua makadirio ya maneno kwa ukurasa kutoka vitabu vya Kiingereza utakosea. Kwa A5, herufi za pointi 11, nafasi ya mstari pointi 14, pambizo la ndani milimita 20, hesabu maneno 280 kwa ukurasa. 62,000 gawanya kwa 280 ni kurasa 222. Ongeza 8 za mwanzo (jina, hakimiliki, tabaruku, kurasa tupu) unafika 230. Lakini karatasi kubwa ya ofseti (uchapaji wa kutumia sahani za chuma) hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 16, kwa hiyo unapanda hadi 240, yaani mafungu 15. Kurasa 10 zinazobaki usizilipie bure: anzisha kila sehemu kubwa ya riwaya kwenye ukurasa wa kulia, au weka tangazo la kitabu kijacho.

Bei ya 5,500 peke yake haina maana. Muulize kwa maandishi: karatasi ya ndani ni gramu ngapi (70 au 80), nyeupe au ya maziwa? Jalada gramu 250 au 300, laminesheni (utando wa plastiki) ya kung'aa au isiyong'aa? Kushonwa kwa uzi au gundi tupu? Mashine ni ofseti au dijitali? Bei inajumuisha kukata kingo na usafiri? Watu wawili wakitaja bei mbili tofauti, mara nyingi tofauti iko kwenye gramu za karatasi na si kwenye ubaya wa roho. Kwa nakala 300 dijitali huwa inashindana vizuri, kwa sababu ofseti inakulipisha pleti (zile sahani) na maandalizi hata ukichapa nakala moja. Ukivuka nakala 500 mpaka 1,000 ofseti ndiyo inaanza kukupa unafuu.

Mgongo: karatasi ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1. Kurasa 240 ni karatasi 120, basi mgongo ni milimita 12. Mchoraji wa jalada lazima apate namba hiyo kabla ya kuchora. Akikisia 8, jina la kitabu litapanda upande wa mbele, na hilo halirekebishiki baada ya kuchapa. Jalada liwe na nyongeza ya milimita 3 kila upande kwa ajili ya kisu, picha ziwe nukta 300 kwa inchi, na rangi zibadilishwe kuwa za uchapaji (zile nne) kabla ya kupelekwa. Bluu inayowaka kwenye simu hutoka imepauka kwenye karatasi, na mpiga chapa hana kosa.

Kuna jambo ambalo wengi hawaliulizi: mwelekeo wa nyuzi za karatasi. Karatasi ina nyuzi kama mbao. Zikilala sambamba na mgongo, kitabu kinafunguka laini. Zikilala kukata mgongo, kurasa zinakuwa na mawimbi karibu na gundi na mgongo unapasuka mapema. Jaribu hivi: chukua karatasi, ipinde polepole bila kuikunja, kwa urefu kisha kwa upana. Inapopindika kwa ulaini, nyuzi zimelala sambamba na mstari wa mpindo.

Dai dami moja (nakala ya majaribio) kabla ya kuruhusu 300. Ifungue katikati hadi ilale, shika karatasi moja, ivute kwa nguvu ya wastani. Ikitoka mkononi, mgongo haukuchakazwa vya kutosha kabla ya gundi ya moto kuwekwa. Gundi laini ikiwekwa juu ya mgongo laini haina pa kushika.

Na kwa sisi wa pwani: jalada limelaminishwa upande wa nje tu, ndani halikuzibwa. Unyevu ukiingia, upande wa ndani unatanuka, jalada linajikunja kwenda nje kama jani kavu. Weka maboksi juu ya chaga, mbali na ukuta, vitabu vimelala na si kusimama.

---

prufu_ya_pili

Naongezea kwa gundi_na_uzi, kosa la mpangaji kurasa. Programu ya kupanga kurasa ikiachwa kwenye lugha ya Kiingereza, inakata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza: unapata "kup-" huku "ika" iko chini. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, kwa hiyo ni "ku-pika". "Ng'ombe" ikikatwa, ikatwe "ng'o-mbe", kamwe si baada ya alama ya ng'. Mwambie azime ukataji wote. Mistari itakuwa na mianya kidogo kwa sababu ya urefu wa maneno yetu, ambayo mtu mwenye subira huirekebisha kwa mkono.

---

hesabu_za_kitabu

Tuweke namba za mleta mada. Hizi za uhariri na jalada ni za mfano, ziweke zako.

Uchapaji 300 × 5,500 = 1,650,000. Mhariri 600,000. Mpangaji kurasa 250,000. Jalada 200,000. Jumla 2,700,000. Yaani mfuko wako wote umeisha na hata nauli ya bodaboda haimo.

Tuseme bei ya jalada ni 15,000. Duka likichukua 35%, linakukata 5,250, unabaki na 9,750. Ili kurudisha 2,700,000 kupitia maduka unatakiwa kuuza nakala 277. Kati ya 300! Ukigawa 30 bure kwa ndugu, walimu na waandishi wa habari, ukauza zote 270 zilizobaki dukani, unapata 2,632,500. Umeuza kila kitabu na una hasara ya 67,500. Watu wanasema "vitabu haviuziki". Vimeuzwa vyote, bei ndiyo ilikuwa mbaya.

Ukiuza mkononi kwa 15,000 kamili, 180 zinatosha kurudisha pesa. Kwa hiyo chukua oda kabla ya kuchapa. Oda 80 zilizolipwa ni 1,200,000. Inabaki 1,500,000, ambayo ni nakala 154 za dukani. Jumla 234, na sasa una nakala 66 za kupumulia. Ukishindwa kupata oda 80 kutoka kwa watu wanaokufahamu na kukusoma, usichape 300. Chapa 100, hata kama kila nakala itapanda bei.

Tarehe ya kukabidhi: ile aliyokupa mpiga chapa, jumlisha wiki tatu, ndiyo uwaambie wateja. Na pesa ya oda ikae kwenye laini tofauti na ya matumizi yako.

Madukani utapeleka kwa mali kauli, hakuna atakayekulipa taslimu kwa jina jipya. Basi kila duka lipate nakala 5, si 30. Hati ya kupokea iandikwe idadi, bei, asilimia ya duka, tarehe ya kuhesabu (siku 60 zinatosha), na nani anabeba hasara ya kilichochafuka. Isainiwe na kupigwa muhuri. Asiyetaka kusaini vitabu vitano atasaini nini?

Uzinduzi wa ukumbini, wenye soda, spika na mgeni rasmi, uache. Mgeni rasmi anapewa kitabu bure.

---

bintiLikoni

Ndugu mswada, naona wote hapa ni wa Bongo, niseme ya upande wa pili wa Horohoro, kwa sababu riwaya ya Tanga ina wasomaji Mombasa na Kwale.

ISBN yako (namba ya utambulisho wa kitabu) utaichukua Tanzania, Bodi ya Huduma za Maktaba, na itaanza 978-9976, 978-9987 au 978-9912. Huku Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa, nazo ni 978-9966 au 978-9914. Huhitaji ya pili kwa kuvuka mpaka. Kitabu kimoja, namba moja. Utahitaji namba nyingine ukitoa toleo la kielektroniki au ukibadilisha maandishi kiasi cha kuwa toleo jipya. Kuchapa tena bila kubadili kitu, namba inabaki ileile.

Bei ya Kenya iwekee VAT. Tangu sheria ya 2013 vitabu vinatozwa 16% huku, ndiyo maana duka la Mombasa likikuambia asilimia zake usidhani zimeishia hapo.

Na ujue soko la riwaya ya Kiswahili Kenya limekaa mgongoni mwa shule. Taasisi ya kukuza mitaala, KICD, ikiteua riwaya kwa kidato, mauzo yake hayalinganishwi na kitu chochote. Isipoteuliwa, mchapishaji mkubwa hana haraka nayo. Ndiyo sababu atakuuliza mapema kuhusu matusi, vitanda na pombe kabla hajakuuliza kuhusu njama ya hadithi. Kama sura zako 31 zina mambo ya chumbani waziwazi, amua sasa unaandikia nani. Kupunguza makali baadaye kwa ajili ya shule huwa kunaacha mabaka, msomaji anaona palipokatwa.

---

mswada_kabatini

Asante dada bintiLikoni, na wakuu wote. Kumbe ile 2.7 ilikuwa inaishia mlangoni kwa mpiga chapa. Oda 80 zinawezekana, labda 60. Nani atasaidia kwenye mkataba?

---

kifungu_cha_saba

Mkataba ulivyoueleza haupaswi kusainiwa ulivyo, ila usiutupe. Rasimu ni ya kujadiliwa, na mchapishaji wa kweli hakasiriki ukiomba mabadiliko.

"10% ya mapato". Mapato yapi? Kwa mfano wa bei ya 15,000, asilimia 10 ya bei ya jalada ni 1,500. Asilimia 10 ya kinachobaki baada ya punguzo la duka (9,750) ni 975. Wakitoa pia gharama za uchapaji kabla ya kupiga asilimia, unabaki na mia chache. Maneno ni yaleyale, "10%". Andika: "asilimia 10 ya bei ya jalada", na kama hawataki, "asilimia 12 ya fedha iliyopokelewa kutoka kwa wauzaji, bila makato mengine". Halafu kuna kodi ya zuio: Tanzania ni 15% kwenye mrabaha, Kenya 5% kwa mkazi. Hiyo 975 inakuwa kama 829. Dai hati ya zuio kila wanapokukata, maana bila hiyo hutaweza kuonyesha TRA kwamba kodi imelipwa.

"Haki zote, lugha zote, njia zote". Hapa ndipo watunzi wanapoliwa. Haki ni kama shamba lenye miti mingi, na huyu kaja kununua maembe. Mpe haki ya kuchapa na kuuza kitabu cha karatasi kwa Kiswahili, ndani ya Afrika Mashariki. Kitabu cha kielektroniki, cha kusikiliza, tafsiri, tamthilia ya redio, filamu: kila kimoja kitajwe au kibaki kwako. Akisema ana uwezo wa kuuza haki hizo, sawa, apewe uwakala na mgao uandikwe, kwa mfano 70 yako na 30 yake. Usidhani filamu ni ndoto. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ilichapishwa 1999, na filamu ya Amil Shivji ikatoka 2021. Miaka 22. Mkataba unaousaini leo ndio utakaosomwa siku hiyo. Na tafsiri nayo si ya mbali. Tangu Abdulrazak Gurnah apate Nobel 2021, watu wengi zaidi wanatazama huku, na riwaya yake moja ilirudi nyumbani kwa Kiswahili 2022 kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Hiyo ilikuwa inakuja kwenye Kiswahili. Nyingine zitatoka kwenye Kiswahili.

Miaka isipotajwa, mkataba unaweza kudumu kama hakimiliki yenyewe, ambayo Tanzania na Kenya ni uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo. Weka miaka 5 au 7. Pamoja na hayo weka kifungu cha kurejea kwa haki: kitabu kikiisha sokoni na mchapishaji asikichape ndani ya miezi 6 baada ya kuandikiwa barua, haki zinarudi bila malipo. Bila kifungu hiki kitabu kinafungiwa stoo, wewe huruhusiwi kukichapa na yeye hana mpango nacho.

Mengine kwa kifupi: mswada utoke ndani ya miezi 18 au mkataba ufe, idadi ya nakala kila uchapaji iandikwe, taarifa ya mauzo mara mbili kwa mwaka hata kama mauzo ni sifuri, nakala 10 za bure kwa mtunzi na punguzo la 40% ukinunua zaidi, jina la kitabu na mabadiliko makubwa yasifanyike bila ridhaa yako. Ukiombwa kuchangia gharama za uchapaji, huyo siyo mchapishaji tena, ni mpiga chapa aliyevaa tai. Linganisha bei yake na ile 5,500 ya mpiga chapa wako.

Na kuhusu kusajili: hakimiliki inaanza pale unapoandika, si pale unapopewa cheti. Usajili wa COSOTA (ofisi ya hakimiliki Tanzania) ni ushahidi, nao unasaidia sana mkifika kwenye mabishano. Jina la riwaya na wazo tupu havilindwi.

---

sehemu_ya_40

Naona WhatsApp mmeikwepa kama ni ya wahuni. Riwaya ya Kiswahili imelelewa kwenye magazeti kwa vipande. Simu ni gazeti lililobadilisha karatasi. Ila ina ufundi wake.

Riwaya ya kitabu haikatwi tu kila maneno 1,300 ikawa simulizi. Kipande kinatakiwa kiwe na tukio moja linalofunguka na kisifungwe. Sura zako 31 zina wastani wa maneno 2,000. Kila moja itatoa vipande viwili kwa shida, na sura zenye maelezo marefu ya mandhari zitawakimbiza wasomaji. Tegemea kuandika upya theluthi nzima.

Kabla ya kuanza uwe na vipande 15 mkononi. Homa ya siku tatu isiue kundi. Saa ya kutuma isibadilike: saa tatu usiku ni saa tatu usiku. Kumi vya mwanzo bure, hadharani. Kinachofuata kwenye kundi la kulipia. Jina linalotokea mteja akilipia lifanane na unalojitambulisha nalo, watu wanaogopa kutapeliwa.

Kuvuja kupo, huwezi kukuzuia. Unaweza kukujua. Gawa wasomaji kwenye makundi mawili au matatu na kwenye kila kipande badilisha neno moja dogo kwa kila kundi: huku "akaketi", kule "akakaa". Kipande kikionekana kikizagaa unajua kimetoka upande gani. Kundi likishatajwa, wengine wanatulia.

---

prufu_ya_pili

sehemu_ya_40, sikatai, lakini mwambie na bei yake. Ukishaisambaza kwa vipande umefunga milango mingine. Wachapishaji wengi hawataki kitu kilichokwisha kusomwa na maelfu bure, na tuzo za miswada zina masharti ya kutochapishwa.

---

sehemu_ya_40

Sawa, hapo umenipata. Basi asianze na hii. Aandike simulizi fupi nyingine, vipande 20, wahusika walewale au mtaa uleule, aigawe bure. Riwaya ibaki kabatini. Wale watakaofika kipande cha 20 ndio atakaowaombea oda 80 za hesabu_za_kitabu.

---

kifungu_cha_saba

Hilo la mwisho ndilo wazo bora kwenye uzi huu. Na huku akisubiri, apeleke mswada kwenye tuzo. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inaendeshwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, hutolewa Aprili 13, mshindi wa kwanza wa riwaya amekuwa akipata milioni 10 na serikali hugharimia uchapishaji. Kuna ile ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, sasa Safal-Cornell, nayo hupokea miswada. Tuzo ya Jomo Kenyatta ya kule kwa bintiLikoni ni ya vitabu vilivyokwisha kuchapwa, hiyo isubiri.

Soma masharti ya mwaka husika neno kwa neno. Miswada huondolewa kwa mambo ya kijinga: jina la mtunzi kuonekana ndani wakati wamesema lisionekane, idadi ya maneno kupungua, faili kutofunguka. Kwenye Word jina lako hukaa pia kwenye taarifa za faili hata ukilifuta ukurasa wa kwanza. Ingia kwenye sehemu ya kukagua hati, uliondoe, kisha ndipo utoe PDF.

---

mswada_kabatini

Nimeanza jedwali la kalenda. Sura ya 9 mhusika analipia nauli kwa sarafu ya 500. Ni 2011.

---

prufu_ya_pili

Mpe noti. Na angalia kama sura ya 10 kuna mtu anayesikia zile sarafu zikilia mfukoni.